Moyo uliovuka miaka 80: nani anauokoa Simiyu?

Kijana wa miaka 30 akianguka ghafla na kufa Bariadi, mtaa mzima huuliza kilichomuua. Akifa babu wa miaka 86 alfajiri, baada ya usiku mmoja wa kuhema, swali hilo haliulizwi. Watu hutazama umri wake, husema siku zake zimetimia, na maandalizi ya mazishi huanza. Kwa mila, hiyo ni heshima, kwani mzee aliyeona vitukuu hazikwi kwa manung'uniko. Kwa upande wa tiba, hata hivyo, ukimya huo unatugharimu sana. Wapo wazee wengi ambao hawauawi na umri. Wanauawa na mapafu yaliyojaa maji ndani ya saa chache, na mshipa wa moyo ulioziba, au na mapigo yaliyokwenda mbio au kupungua mpaka ubongo ukakosa damu. Magonjwa haya yana majina na dalili, na mengi yana dawa ambazo bei yake haimshindi mkulima wa pamba.

Hoja yangu ni hii: kwa mtu aliyevuka miaka 80 mkoani Simiyu, kupona dharura ya moyo kunategemea kinachofanyika nyumbani, zahanati, kituo cha afya na njiani, kuliko mitambo mikubwa ya Mwanza na Dar es Salaam. Mitambo hiyo ni ya lazima kwa taifa, na nitaonyesha mahali ambapo hata mzee wa miaka 90 anaihitaji. Lakini tumezoea kuzungumzia moyo kana kwamba tiba yake yote iko kwenye chumba cha upasuaji. Mazoea hayo yametufanya tusione tiba iliyo kilomita kumi kutoka kitandani kwa mgonjwa.

Simiyu ni mkoa mpya. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza, na makao yake makuu ni Bariadi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497 katika mkoa huo wa wakulima na wafugaji, wengi wao Wasukuma, waliotawanyika Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Nchi nzima, sensa hiyo ilikuta watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi wakikaribia milioni 3.5, asilimia 5.7 ya Watanzania. Waliovuka 80 ni wachache ndani ya kundi hilo. Lakini kila aliyewahi kukaa Usukumani anajua kwamba karibu kila kaya kubwa ina babu au bibi ambaye tarehe yake ya kuzaliwa inakadiriwa kwa njaa au mafuriko.

Ngazi za matibabu zinajulikana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyojengwa Nyaumata, Bariadi. Juu yake ipo Bugando jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo ni tegemeo la Kanda ya Ziwa yote. Juu ya Bugando ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, iliyoanza kama taasisi mwaka 2015, ambako mishipa ya moyo huzibuliwa kwa kupitisha waya mwembamba kupitia tundu dogo la mkononi au pajani. Kutoka Bariadi hadi Bugando ni safari ya zaidi ya kilomita 150 kupitia Lamadi na Magu. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000. Barabara ya lami kutoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi imepunguza mateso makubwa. Ila lami haifiki kila kijiji cha Meatu, na masika udongo mweusi wa mbugani hunasa hata trekta.

Sasa tuutazame moyo wenyewe. Moyo uliosukuma damu kwa miaka 80, na hasa uliosukuma dhidi ya presha isiyotibiwa, huwa na misuli minene na migumu. Huwa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa: ingali na nguvu, lakini imepoteza mnyumbuko. Kwa hiyo tatizo kubwa la mzee mara nyingi si kusukuma damu. Ni kulegea ili damu mpya iingie. Moyo mgumu hauvumilii mabadiliko. Presha ikipanda ghafla usiku, damu inarudi nyuma kwenye mapafu, maji yanavuja ndani ya vifuko vya hewa, na mtu aliyekula ugali jioni akicheka na wajukuu anaamka saa nane akitafuta hewa mlangoni. Hali hiyo inaweza kuua kabla jogoo hawajawika, na inaweza pia kutulizwa ndani ya saa moja kwa oksijeni na sindano ya dawa ya kukojoa.

Kinachousukuma moyo huo ng'ambo ya mstari mara nyingi ni kitu kingine kabisa: malaria, homa ya mapafu, upungufu wa damu, chumvi nyingi, au vidonge vya presha vilivyokwisha na havikununuliwa vingine. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alifariki Julai 2020 akiwa na miaka 81. Msemaji wa familia yake alieleza kwamba mzee alikuwa amelazwa kwa malaria, na kwamba kilichomwondoa ni moyo kusimama ghafla. Kama maradhi na moyo vinaweza kukutana hivyo kwa mtu aliye hospitalini jijini Dar es Salaam, tujiulize vinakutana mara ngapi kwa wazee wa Lagangabilili na Mwanhuzi ambao malaria yao inatibiwa nyumbani.

Mzee sana mwenye dharura ya moyo mara nyingi hashiki kifua. Hili ndilo jambo ninalotamani kila muuguzi na kila mjukuu alijue. Picha tuliyonayo ni ya mtu mwenye maumivu makali katikati ya kifua yanayopanda shingoni na kushuka mkono wa kushoto. Picha hiyo imechorwa zaidi na wagonjwa wa umri wa kati. Mtu wa miaka 85 ambaye mshipa wa moyo wake umeziba anaweza kuja na pumzi fupi tu. Mwingine anatapika, au anachoka ghafla mpaka hawezi kufika chooni. Mwingine anaanza kuongea mambo ya watu waliokufa zamani, au anaanguka na kuvunjika nyonga, na watu wote wanatibu nyonga.

Dalili hizi huku kwetu zina nyumba nyingi za kukimbilia. Anayekohoa usiku huambiwa ana pumu au kichomi. Mwenye tumbo kujaa na kukosa hamu ya kula huambiwa ni vidonda vya tumbo au taifodi. Aliyechanganyikiwa huambiwa ni uzee, au kuna mtu amemchezea. Miguu iliyovimba inasemwa ni kukaa sana. Kila jibu lina mantiki yake na kila moja lina dawa kwenye duka la dawa muhimu. Ndipo mgonjwa wa moyo anapopewa antibayotiki, vidonge vya dawa mseto, na jambo ninaloliogopa kuliko yote: dripu.

Nisieleweke vibaya. Dripu imeokoa maelfu ya watoto wenye kuharisha na majeruhi waliopoteza damu. Lakini katika jamii yetu imekuwa alama ya kutibiwa kweli. Mgonjwa asiyetundikiwa chupa, ndugu zake huona hajahudumiwa, na mhudumu anayetaka amani nao huitundika. Kwa mzee ambaye mapafu yake tayari yana maji, lita moja ya maji ya chumvi yanayoingia kwa kasi ni kumzamisha akiwa kitandani. Ukimkuta anahema haraka, hawezi kulala chali, shingo ina mishipa iliyotuna na miguu ikibonyezwa inabaki na shimo, chupa hiyo ni hatari. Anahitaji kinyume chake: kukalishwa, kupewa hewa ya oksijeni, na kutolewa maji kwa furosemaidi, ile dawa ya kukojoa, kupitia mshipa.

Adui wa pili ni mpole zaidi, na yumo kwenye kikapu cha dawa cha karibu kila bibi: diklofenaki na ndugu zake. Wazee hawa wamelima kwa jembe la mkono maisha yao yote. Magoti na viuno vinauma, na dawa hizi zinatuliza. Lakini huufanya mwili uhifadhi chumvi na maji, hupandisha presha, na huziumiza figo ambazo kwa umri huo zimekwisha punguza kazi. Mzee aliyekuwa anajimudu anakunywa vidonge vya maumivu wiki mbili za palizi, na wiki ya tatu analetwa hospitali akihema. Swali la “Bibi, magoti unayatuliza kwa dawa gani?” linaweza kueleza dharura nzima.

Ushahidi wa tatizo hili tunao nchini, ingawa haukukusanywa Simiyu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee zaidi ya 2,200 wa vijijini wenye miaka 70 na kuendelea. Karibu saba kati ya kila kumi walikuwa na presha ya juu, na wengi wa hao hawakujua. Wasukuma wa Simiyu si Wachaga wa Hai, vyakula na mazingira vinatofautiana. Hata hivyo sioni sababu ya kutegemea kwamba mishipa ya mzee wa Itilima imesalimika kwa namna ya pekee. Bugando, utafiti wa miaka mitatu uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa waliovuka miaka 50, magonjwa yatokanayo na presha ya juu ndiyo yaliyokuwa yakiongoza kwa kuua wodini. Hao ni wagonjwa wa Kanda ya Ziwa, katika hospitali ambako Simiyu huwapeleka watu wake.

Utafiti mwingine unapaswa kutukosesha usingizi. Katika idara ya dharura ya hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa 681 waliofika na maumivu ya kifua au pumzi fupi walifanyiwa vipimo kwa utaratibu maalumu: kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha damu kinachoonyesha misuli ya moyo iliyoumia. Kati yao, 152 walikuwa na shambulio la moyo, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Wengi hawakutambuliwa na madaktari katika huduma ya kawaida, wengi hawakupewa hata aspirini, na ndani ya siku 30 zaidi ya 40 katika kila 100 walikuwa wamekufa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2020. Kwa miaka mingi tuliambiwa shambulio la moyo ni ugonjwa wa Wazungu na wa matajiri wa mjini. Matokeo ya Moshi yanasema ugonjwa ulikuwepo, na sisi hatukuutafuta.

Hospitali ya Taifa Muhimbili nayo ina kumbukumbu inayozungumza kwa namna yake. Utafiti ulioongozwa na Dk. Abel Makubi, ambaye baadaye aliongoza Bugando kisha akawa Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya, ulifuatilia wagonjwa 427 wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi jijini Dar es Salaam. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Sababu kuu ilikuwa presha, kwa asilimia 45. Ulaya, wagonjwa wa namna hiyo huwa na wastani wa miaka zaidi ya 70. Sehemu ya tofauti inatokana na ukweli kwamba taifa letu ni la vijana. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni kwamba mzee wa miaka 85 hafiki pale. Familia yake imeamua, au umbali umeamua kwa niaba yao.

Je, akifika angesaidiwa? Hapa tafiti za nchi tajiri zina jibu ambalo kwa Simiyu ni habari njema. Uingereza, utafiti uitwao SENIOR-RITA, uliochapishwa mwaka 2024, uliwachukua watu 1,518 wenye miaka 75 na zaidi, wastani wao miaka 82, waliopata shambulio la moyo la aina ambayo mshipa haujaziba kabisa. Nusu walipelekwa kuchunguzwa na kuzibuliwa mishipa, nusu walipewa dawa tu. Baada ya miaka minne hivi, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa maana katika jumla ya vifo vya moyo na mashambulio mapya. Waliozibuliwa walipata mashambulio machache zaidi yasiyoua, lakini hawakuishi zaidi. Kwa hiyo, kwa aina hiyo ya ugonjwa, mzee aliyebaki hospitali ya mkoa akapewa dawa sahihi hajakosa uhai uliokuwa ukimsubiri kwenye mtambo.

Na dawa zenyewe? Aspirini iliyotafunwa mapema ilipunguza vifo kwa asilimia 23 katika utafiti mkubwa wa ISIS-2 wa mwaka 1988, uliokuwa na wagonjwa zaidi ya 17,000. Ni kidonge kinachouzwa kila duka. Presha nayo ina ushahidi wake kwa kundi hili hasa. Utafiti wa HYVET, uliotolewa mwaka 2008, uliwahusisha watu 3,845 wenye miaka 80 na zaidi. Waliopewa dawa za presha, kuanzia kidonge cha indapamidi kisicho cha gharama kubwa, walipata moyo kushindwa kufanya kazi pungufu kwa asilimia 64, na vifo vya kila sababu vilipungua kwa asilimia 21, katika muda wa wastani usiofika miaka miwili. Utafiti ulikatishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa dhahiri. Kabla ya hapo, hata madaktari wengi waliamini kwamba mtu akishafika 80 presha yake iachwe.

Tahadhari ni lazima. Wazee wa HYVET walikuwa na nafuu ya afya. Hawakuwa wale waliolala kitandani. Mzee aliyekonda, anayepata kizunguzungu akisimama, akishushiwa presha kwa pupa ataanguka. Anapaswa kuanza na dozi ndogo, apimwe akiwa ameketi na akiwa amesimama, na apewe muda. Kazi hiyo haihitaji daktari bingwa. Inahitaji mashine ya presha inayofanya kazi, betri zake, na mhudumu anayemwona mzee yuleyule kila mwezi.

Shambulio ambalo mshipa umeziba kabisa lina sheria nyingine. Linahitaji mshipa ufunguliwe ndani ya saa chache, na kwa kuwa Mwanza haifikiki kwa saa hizo kutoka Meatu, njia iliyobaki ni dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Kwa waliovuka 75 dawa hiyo hubeba hatari ya kuvuja damu ubongoni, na uzoefu wa nje umeelekea kwenye kutumia nusu ya dozi kwa wazee. Kuipeleka hospitali za mkoa bila kipimo cha umeme wa moyo kinachosomwa vizuri itakuwa hatari nyingine. Kipimo kitangulie. Karatasi moja ya kipimo hicho hupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa daktari wa moyo Bugando kwa sekunde chache, na mtandao wa simu umefika Bariadi kabla ya mambo mengi mengine.

Kisha kuna umeme wa moyo. Watanzania wengi walisikia kwa mara ya kwanza habari za mfumo huo Machi 2021, pale Makamu wa Rais wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alipotangaza kifo cha Rais John Magufuli na kusema kwamba tatizo la mfumo wa umeme wa moyo lilikuwa naye zaidi ya miaka kumi. Kwa wazee sana, mfumo huu hukosea kwa njia mbili. Unaweza kutawanyika, mapigo yakaenda ovyo na kwa kasi. Kule Hai hali hiyo ilikutwa kwa chini ya mzee mmoja katika mia, pungufu sana ya Ulaya, lakini anayeipata huwa ukingoni mwa kiharusi. Au unaweza kukatika, mapigo yakashuka hadi 30 kwa dakika, na mzee akaanza kuzimia bila onyo. Huyu wa pili ndiye ninayemtetea aende mbali. Dawa haimsaidii sana. Betri ya moyo, inayowekwa chini ya ngozi ya kifua kwa ganzi ya sehemu, inamrudisha shambani. Kwa mgonjwa huyu umri si kizuizi, na ingekuwa dhuluma kumwambia abaki nyumbani. Kumtambua hakuhitaji mashine: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, saa ya ukutani, dakika nzima. Mzee aliyezimia na ambaye mapigo yake hayafiki 40 asiandikiwe vitamini.

Lipo jambo ambalo mtu wa mkoa huu hawezi kuliruka. Moyo huua ghafla, na kifo cha ghafla Usukumani hakijawahi kukosa mtuhumiwa. Wilaya ya Bariadi ndiyo yenye Gamboshi, kijiji ambacho jina lake limevumishwa nchi nzima kwa habari za uchawi, kwa namna inayowaonea wakazi wake wanaolima na kuchunga kama wengine. Na Kanda ya Ziwa imebeba kwa miongo mingi msiba wa kuuawa kwa wanawake wazee walioshukiwa, macho yao mekundu yakichukuliwa kuwa ushahidi. Macho hayo yamefanywa mekundu na moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe waliyopikia miaka 60. Moshi huohuo unaharibu mapafu yao na kuulemea upande wa kulia wa moyo, mpaka miguu na tumbo vinavimba. Bibi anayetuhumiwa kuua kwa husuda ndiye mgonjwa. Ndiyo maana kuandika sababu halisi ya kifo, hata cha mtu mzee, si kazi ya makaratasi tu. Jirani akijua kwamba mwanaukoo wake alikufa kwa moyo uliokuwa ukimsumbua mwaka mzima, kuna ajuza mmoja atakayelala salama.

Sera kwa wazee hawa ipo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na miongozo iliyofuata imetamka matibabu bure kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mabango ya “Mzee kwanza, mpishe apate huduma” yamebandikwa hospitali nyingi, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa dharura ya moyo, tamko hilo hukutana na mambo mawili magumu: dawa iliyoisha stoo na gari lisilokuwepo. Kumwona daktari bure hakumsaidii mzee aliyeko kijijini saa nane usiku na bodaboda moja ambayo hawezi kuikalia kwa sababu akilegea ataanguka.

Na hapa tuna mfano wetu wenyewe. Mpango wa m-mama, ulioanzia majaribio yake Sengerema na Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, huwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura. Mtu anapiga 115 bila malipo, msimamizi anaamua aende wapi, na pasipo gari la wagonjwa dereva wa jamii aliyesajiliwa anakwenda na kulipwa. Kina mama wametufundisha kwamba tatizo la usafiri linatatulika kwa simu, orodha ya madereva na fedha ya mafuta. Sitaki hata shilingi moja iondolewe kwa wajawazito. Ninachodai ni kwamba mfumo ulio tayari ufunguliwe mlango wa pili, kwa mtu yeyote anayeshindwa kupumua. Bima ya afya kwa wote itapimwa na swali hili: je, inalipia safari, au inalipia tu kitanda ambacho mgonjwa hakukifikia?

Bila hivyo uamuzi unabaki kwa familia, na ni uamuzi mzito. Kikao cha ukoo kinakaa. Kama ni msimu wa kuuza pamba, fedha ipo. Kama ni miezi ya njaa, ng'ombe lazima auzwe, na bei ya ng'ombe wa dharura huwa mbaya. Mtoto mkubwa anafikiri kimya juu ya jambo ambalo hakuna anayependa kulitamka: mzee akifia Mwanza, kumrudisha ni gharama nyingine. Siwalaumu wanaoamua kubaki. Ninachowalaumu wenye taaluma nacho ni kuwaachia familia waamue bila habari. Daktari wa wilaya anaweza kukaa nao robo saa na kusema: huyu, dawa tulizonazo zinamtosha, msiuze ng'ombe, huyu, mapigo yake yamekatika, nendeni leo, na huyu, moyo wake umefika mwisho, Bugando haitampa siku zaidi, tumpunguzie adha hapa kwenu.

Hilo la tatu nalo ni tiba. Mzee anayekufa kwa moyo huteswa hasa na kukosa pumzi, na mateso hayo yana nafuu: kukalishwa karibu na dirisha, furosemaidi iliyopimwa vizuri, na pale inapopatikana, morfini ya kunywa kwa dozi ndogo. Akiwa nyumbani, akisikia Kisukuma chake na kuona watu wake, hajatelekezwa, mradi kuna mhudumu anayepita.

Wengi, hata hivyo, watapona shambulio la kwanza, na hao ndio tunaowapoteza kwa uzembe. Mgonjwa anatoka hospitalini na vidonge vya siku 14. Vikiisha, miguu imepungua, anahema vizuri, haoni sababu ya kutafuta vingine. Baada ya mwezi anarudi akiwa mahututi, au harudi. Mhudumu wa afya wa jamii, anayeingia nyumba hizo kuulizia chanjo na vyandarua, anaweza kuongezewa maswali machache: “Shikamoo, babu. Usiku unalala chali au unakaa? Vidonge vyako vimebaki vingapi? Chumvi umepunguza?” Na mizani ya zahanati ifanye kazi kwa wazee kama inavyofanya kwa watoto. Mzee aliyeongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu hajanenepa, maji yanarudi, na anahitaji dozi iongezwe siku hiyohiyo. Kwa hilo, furosemaidi iwepo zahanati, si wilayani tu.